Mabasi 10 kwa saa na bado unasubiri: tuongelee pengo kati ya basi na basi

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa usafiri wa Dar unaishia palepale: "waongeze mabasi." Sipingi. Mabasi yasipotosha, hayatoshi, na hakuna hesabu itakayoyazaa. Ila kuna shida ya pili ambayo watu hawaigusi, nayo ndiyo inayotugandisha kituoni hata siku ambayo mabasi yapo barabarani: namna yanavyoachana. Nimefanya kazi ya kupanga ratiba na zamu za madereva, na nilichokiona ni kwamba kinachomuumiza abiria zaidi ni pengo. Uzi ni mrefu na una hesabu kidogo, naomba mnivumilie.

Chukua ruti yenye mabasi 10 kwa saa. Yakipita yameachana sawasawa, kila dakika 6 moja, abiria anayefika kituoni bila kuangalia saa atasubiri wastani wa dakika 3. Sasa mabasi hayohayo yapite mawili mawili, yameongozana: kimya dakika 12, yanaingia mawili, kimya tena dakika 12. Wastani wa kusubiri unakuwa dakika 6. Yakizoea kuja matatu matatu, unafika 9. Hakuna basi lililopungua, hakuna lita ya mafuta iliyookolewa, hakuna dereva aliyepumzika. Kilichobadilika ni mpangilio tu, na abiria amelipa mara mbili au mara tatu kwa muda wake.

Wala si lazima yagandane kabisa. Mapengo yakiwa dakika 10, kisha 2, kisha 10, kisha 2, ofisi itasema basi linapita kila baada ya dakika 6 kwa wastani, na itakuwa inasema kweli. Lakini wastani wa kusubiri kituoni ni dakika 4.3, sio 3. Sababu ni kwamba katika kila dakika 12, dakika 10 ni za lile pengo refu, kwa hiyo watu wengi wanaingia kituoni ndani ya pengo refu, wachache sana ndani ya lile fupi. Ofisi inahesabu mabasi. Kituoni kuna watu. Ukihesabu kwa watu, picha inageuka.

Kwa nini mabasi yanaongozana? Wengi wetu tunamlaumu dereva. Mara nyingi hana kosa lolote. Tangu 1964, Gordon Newell na Renfrey Potts walionyesha kwa hesabu kwamba ruti ya basi ikiachwa ijiendeshe, mabasi yatajikusanya tu, hata kama madereva wote ni makini. Tuione asubuhi kwa njia ya Kimara hadi Kivukoni ya mwendokasi, yale mabasi ya Dar yenye barabara yao peke yao. Basi limetoka Kimara Mwisho, likashikwa dakika moja na nusu njiani. Dakika moja na nusu si kitu. Lakini Korogwe watu wameendelea kuingia kituoni muda wote huo, kwa hiyo linakuta wengi kuliko kawaida, na mlango unakaa wazi zaidi. Baruti linakuta wengi zaidi, kwa sababu sasa limechelewa zaidi. Kufika Ubungo watu wamesimama hadi kwenye mlango, anayeshuka anapita kwa kusukuma, na kila kituo kinameza sekunde nyingine. Wakati huohuo basi la nyuma linakuta vituo vimeshazolewa. Linasimama kidogo, linaondoka, linasimama kidogo, linaondoka, mpaka linafika mgongoni mwa mwenzake. Kuanzia hapo hayaachani hadi Kivukoni: la mbele limefurika, la nyuma lina siti tupu.

Msimshangae anayejibana kwenye lile la mbele. Ameshaachwa mara nyingi akiambiwa "lingine linakuja nyuma," na halikuja.

Kwa hiyo adui wa kwanza wa ratiba ni sekunde za mlangoni. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016, na mabasi yake 140, ilikuja na mambo mawili ya maana sana upande huu: tiketi unalipia nje kabla ya kupanda, na sakafu ya basi iko sawa na jukwaa la kituo. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi anaingia kwa hatua moja, konda hatafuti chenji, dereva hasubiri mtu. Watu huyaona hayo kama starehe. Kwa mpanga ratiba hiyo ndiyo breki inayozuia ucheleweshaji mdogo usikue. Ndiyo maana mimi huhesabu mlango mmoja mbovu kuwa ni tatizo la ratiba, sio la gereji peke yake. Basi lenye milango mitatu, ukifunga mmoja, umeshaliweka kwenye njia ya kuchelewa kabla halijatoka.

Jambo la pili ambalo halionekani kirahisi ni matawi. Kuanzia Magomeni hadi Fire, mabasi ya kutoka Kimara na ya kutoka Morocco (kituo cha Kinondoni) yanatumia njia moja. Abiria wa Fire anayekwenda Kivukoni hajali basi limetoka wapi. Sasa kila ruti ikipangwa peke yake, hii kila dakika 6 na ile kila dakika 6, yanaweza kufika Magomeni pamoja, yakaongozana hadi mjini, na yule wa Fire akapata pengo la dakika 6. Ukisogeza ruti moja dakika 3 tu kule inakoanzia, abiria huyohuyo anapata basi kila dakika 3. Hakuna shilingi iliyotumika, ni karatasi na penseli tu. Lakini lazima mtu mmoja aangalie ruti zote mbili kwa pamoja, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu kila msimamizi ana ruti yake.

Dawa yake ni nini? Kubwa kuliko zote ni kuacha kuisimamia saa na kuanza kusimamia pengo. Pale basi linapopita kila baada ya dakika chache, hakuna abiria anayejali kama hili ni lile la saa 1:12 au la saa 1:18. Anajali lini lingine linafika. Lakini msimamizi mwenye karatasi ya saa akiona basi limechelewa analikimbiza, na akiona lingine lipo ndani ya saa yake analiruhusu, hata kama linakwenda kumgonga mwenzake mgongoni. Msimamizi wa pengo anaangalia mbele na nyuma: lililotangulia liko umbali gani, linalofuata liko umbali gani, hili nilishike nusu dakika au niliachie?

London wanafanya hivyo. Kwa ruti zenye basi 5 au zaidi kwa saa hawapimi nani kawahi na nani kachelewa kwa saa. Wanapima abiria amesubiri muda gani zaidi ya ule ambao angesubiri kama mabasi yangeachana kama yalivyopangwa. Na tangu 2001 mikataba ya kampuni zinazoendesha mabasi imefungwa kwenye kipimo hicho: ukisababisha watu wasubiri zaidi unakatwa, ukiwapunguzia unaongezwa. Ukipanda basi kule utasikia tangazo kwamba basi linasimama kidogo ili kusawazisha huduma. Abiria wananuna, ndiyo, lakini wale wa vituo vya mbele hawajui hata kwamba wameokolewa.

Kushika basi nako kuna adabu yake. Usilishike basi lililojaa katikati ya njia, watu wamesimama kwenye joto, ili kumfurahisha aliye kituo cha mbele. Lishike linapoanzia, au kwenye kituo ambapo wengi wanashuka na wachache wanaendelea. Na lishike mapema, likiwa limemsogelea wa mbele dakika moja tu, sio likishamfikia. Likishamfikia, umechelewa.

Nitaendelea na muda wa kufidia na habari ya mafuriko ya Jangwani, ila kwanza nione maswali.

Mdau wa Kimara

Mkuu hesabu zako nzuri, lakini unasawazisha kitu ambacho hakipo. Asubuhi unaona mabasi matatu yanapita yamejaa, hayasimami. Hapo pengo linanisaidia nini?

Mleta uzi

Uko sahihi, na naomba hili lisipotee kwenye uzi. Hesabu niliyotoa inadhani kwamba basi likija, unapanda. Likipita limejaa, kusubiri kwako kunaanza upya, na wastani wowote wa karatasini unakuwa uongo. Hapo uwezo ndio kitu cha kwanza.

Ila angalia uwezo unavyopatikana. Pengo ni muda wa mzunguko mzima ukigawa kwa idadi ya mabasi. Tuseme kwenda, kurudi na kupumzika ni dakika 100, mabasi 20: pengo ni dakika 5. Mabasi manne yakilala gereji, yamebaki 16, pengo ni dakika 6 na robo. Ofisi nyingi zinafanya nini siku hiyo? Zinaacha ratiba ileile ya dakika 5 na kuacha nafasi nne wazi. Matokeo yake, mara nne katika kila mzunguko abiria anapata pengo la dakika 10, na basi linalofuata baada ya pengo hilo ndilo linalofurika na kupita bila kusimama. Ungeipanga upya kwa mabasi 16 yaliyopo, kila mtu angesubiri kidogo zaidi lakini hakuna ambaye angekutana na shimo. Ratiba ya mabasi yaliyopo kweli asubuhi hiyo ni bora kuliko ratiba ya mabasi yaliyoandikwa.

Na kuna upande wa pili. Ukipunguza mzunguko kutoka dakika 100 hadi 90, mabasi 18 yanakupa lile pengo la dakika 5. Ni sawa na kununua mabasi mawili. Bodaboda na magari binafsi yakiingia kwenye njia ya mwendokasi, au askari akishikilia makutano kwa muda mrefu ili kumaliza foleni ya magari madogo, mabasi ndiyo yanayoliwa hapo. Hayajaibiwa, hayajaharibika, lakini hayapo.

Mdau wa Nairobi

Huku kwetu matatu haina ratiba. Inajaza steji ndio inaondoka. Kwa nini msifanye hivyo tu? Angalau haiendi tupu.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hata daladala nyingi za hapa huanza hivyo, na kwa mwenye gari ina mantiki: hakuna tripu ya hasara. Lakini kusubiri hakujaisha, kumehamishwa. Aliyepanda wa kwanza anasubiri akiwa ameketi hadi wa mwisho aingie, na saa za mchana hiyo ni muda mrefu. Na aliye kituo cha kati ndiye anayeumia kuliko wote, kwa sababu gari linafika kwake limeshajaa. Kujaza kwanza kunamfaa anayeanzia mwanzo wa ruti na kumtelekeza anayeishi katikati yake.

Suka wa daladala

Mleta uzi nakusoma toka juu. Mimi ni dereva. Unasema nishike gari dakika moja ili niachane na mwenzangu. Hesabu ya bosi, ile pesa ya kila siku, naipeleka kila jioni, iwe nimeachana naye au sijaachana. Nikimwachia mbele anazoa abiria wote wa vituo vitatu. Nisimfukuze?

Mleta uzi

Kaka, hapo ndipo penye mzizi, na sikulaumu. Ukiwa na hesabu ya siku shingoni, abiria wa kituo kinachofuata ni mali ya atakayefika kwanza. Kwa hiyo mnafukuzana, au mmoja anajikokota ili abiria wajae mbele yake, na vyote viwili vinavunja pengo. Huwezi kumwambia mtu alinde pengo huku ukimlipa kwa kulivunja. Pale ambapo anayeendesha basi analipwa kwa kilomita alizotembea na kwa huduma kuwa sawa, na nauli inakwenda kwenye kapu moja, kushika basi nusu dakika hakumli mtu chakula chake. Kabla ya kununua mtambo wowote wa kufuatilia mabasi, mimi ningeanza na malipo ya dereva.

Na kwa kuwa umekuja wewe, niseme na hili la kukatisha ruti. Tunalichukia, na kwa haki, kwa sababu abiria analipa nauli nzima halafu anashushwa njiani. Lakini kugeuza basi kabla ya mwisho wa ruti, kwa mpango, ni silaha halali kabisa ya msimamizi. Mabasi mawili yameongozana kuelekea Kivukoni, la nyuma ni tupu, na kule Kimara kuna pengo. Unahamishia abiria wachache wa lile la nyuma kwenye la mbele, unaligeuza, linakwenda kuziba pengo. Masharti ni kwamba abiria waambiwe mapema, wasilipe tena, na anayeamua awe msimamizi anayeona ruti nzima. Akiamua dereva kwa ajili ya hesabu yake, tumerudi kulekule.

Sasa muda wa kufidia niliowaahidi. Ukipanga ratiba kwa kutumia wastani wa muda wa safari, umejiandaa kushindwa, kwa sababu wastani maana yake karibu nusu ya safari zitachukua muda zaidi. Basi linafika mwisho likiwa limeshachelewa na linatakiwa kugeuka papo hapo. Ucheleweshaji wa asubuhi unabebwa hadi jioni. Ratiba nzuri inaacha dakika kadhaa mwisho wa ruti, za kutosha kwa safari kama 85 au 90 katika 100 kuanza upya kwa wakati. Ukiziongeza mno, mabasi yanalala kituoni na pengo linapanuka. Kipimo chake kinatoka kwenye kumbukumbu za ruti yenyewe, na kinatofautiana kwa saa: dakika zinazotosha saa 4 asubuhi hazitoshi saa 12 jioni, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi ni habari nyingine kabisa.

Zile dakika zinapokosekana, wa kwanza kunyang'anywa ni dereva. Anafika, hajaenda chooni, hajanywa maji, anaambiwa "geuza." Yule ndiye tunayemtegemea afunge breki kwa utulivu kwenye basi lenye watu wamesimama. Ofisi ikiandika "mapumziko dakika 8" kisha kila siku ikazila kufidia foleni, hayo si mapumziko, na ratiba hiyo haijaandikwa kwa ukweli.

Kuna njia nyingine inayonivutia. Mwaka 2012 John Bartholdi na Donald Eisenstein walichapisha mfumo waliojaribu kwenye mabasi ya chuo cha Georgia Tech, Atlanta, usio na ratiba ya saa kabisa. Basi likifika mwisho wa ruti, linaangaliwa linalofuata liko mbali kiasi gani, na muda wa kulishika unakadiriwa kwa umbali huo. Mapengo yanajisawazisha yenyewe, hata basi moja likitoka barabarani. Ni hesabu ambayo simu ya kawaida inaiweza.

Jangwani. Gereji ya mwendokasi ilijengwa pale bondeni, kati ya Magomeni na Fire, mto Msimbazi ukijaa barabara inafungwa, na ruti inakatika vipande viwili. Mabasi yaliyoko upande wa mjini yanabaki mjini, ya Magomeni yanabaki Magomeni. Hili hutokea misimu ya mvua miaka na miaka, kwa hiyo si dharura, ni hali inayojulikana. Inahitaji ratiba yake iliyoandikwa tayari: mabasi mangapi yalale nje ya bonde mvua kubwa ikitabiriwa, yapi yazunguke Kimara hadi Magomeni, yapi Fire hadi Kivukoni, pengo liwe dakika ngapi kila upande, na abiria aambiwe Kimara kabla hajalipa, sio Magomeni baada ya kushuka.

Dada wa Mbezi

Kaka mimi natoka kazini saa 4 usiku. Hayo ya pengo ni ya asubuhi. Usiku mabasi ni machache na kituo kinatisha. Sisi mnatufikiriaje?

Mleta uzi

Dada, asante, kwako sheria inageuka. Basi likiwa moja kila nusu saa, hapo saa ndiyo mfalme. Unatakiwa ujue kwamba linapita saa 4:20, utoke kazini saa 4:10, usimame kituoni dakika chache tu. Na kosa kubwa kuliko yote usiku ni basi kuwahi. Likichelewa dakika 2, unasubiri dakika 2. Likiondoka dakika 2 kabla, unasubiri nusu saa gizani. Kwa hiyo usiku dereva asiruhusiwe kuondoka kituo chochote kikubwa kabla ya muda wake, hata kama njia ni nyeupe na kituo hakina mtu.

Na basi la mwisho la ruti kuu lisubiriwe na la mwisho la ruti ndogo. Ukishushwa Kimara saa 5 usiku na gari la Mbezi limeondoka dakika 3 zilizopita, ratiba zote mbili zinaweza kusomeka vizuri ofisini na wewe unapanda boda kwa bei ya nauli za siku nzima.

Mdau wa Kimara

Sasa sisi raia tunapimaje? Tusije tukabaki kulalamika tu.

Mleta uzi

Kaa kituoni saa moja, saa ileile unayosafiri. Andika kwenye simu kila basi la ruti yako linapoingia, na alama kama lilipita limejaa. Ukirudi nyumbani, toa mapengo. Tuseme mapengo sita ya kwanza ni dakika 2, 11, 1, 14, 4 na 4. Jumla ni 36, mapengo sita, kwa hiyo ofisi itasema kila dakika 6, na kusubiri kwa haki ni dakika 3. Sasa zidisha kila pengo kwa lenyewe: 4, 121, 1, 196, 16, 16. Jumla 354. Gawa kwa mara mbili ya 36, yaani 72. Unapata dakika 4.9. Ile tofauti ya karibu dakika 2 ndiyo inayotokana na mpangilio peke yake, na kila basi lililopita limejaa linaiongeza.

Fanyeni siku kadhaa, vituo tofauti, mkiweza kimoja karibu na mwanzo wa ruti na kimoja mbali. Mapengo yakiwa yameharibika tangu mwanzo, tatizo liko kwenye kuondoka: gereji, zamu, au msimamizi wa kituo. Yakiwa mazuri mwanzo na mabaya mbele, tatizo liko njiani: milango, makutano, magari yanayoingia kwenye njia. Hizo ni barua mbili tofauti zinazokwenda kwa watu wawili tofauti. Wekeni namba zenu hapa, nitazipiga hesabu kituo kwa kituo.